Mistari mitatu haitoshi

Fomu ya kutaja ndugu tuliyopewa kwenye kiwanda chetu cha kamba za mkonge ni karatasi moja tu. "Taja ndugu zako wa damu au wa ndoa walioajiriwa hapa." Chini yake mistari mitatu. Nilicheka peke yangu stoo. Mistari mitatu, Tanga hii?

Nikaanza na baba mdogo, dereva wa lori letu. Kwenye safu ya uhusiano nikaandika "baba". Akafuata mtoto wa mama mdogo, yule wa mashine ya kusokota kamba: "mdogo wangu". Mstari wa tatu nikampa shemeji wa getini, waliobaki nikawageuzia nyuma ya karatasi.

Kesho yake dada wa utumishi akaniita. "Kaka, faili lako linasema baba ni marehemu. Huyu anayeendesha lori ni nani?" Nikamweleza. Akaelewa vizuri tu, lakini visanduku vyake vilikuwa vichache: mzazi, mtoto, ndugu, mjomba, binamu. Akatia alama kwenye mjomba. Mjomba! Mdogo wake baba kabisa, tumbo moja! Mzee aliposikia hakunisemesha hadi jioni.

Fomu ililetwa na robota. Kwa wasiojua, robota la mkonge ni furushi la nyuzi la kilo 250, si kitu cha kutia kwapani ukapita nacho getini. Karatasi ya mapokezi ilisema yameshuka 12. Sakafuni yalikuwa 11. Wiki tatu zikapita bila mtu kusema neno, kwa kuwa aliyepokea ni mpwa na aliyehakiki ni mjomba wake, na usiku wanakula sinia moja. Nani angemwambia mwenzake "hebu tuhesabu tena"? Sijui nani alilichukua na simtuhumu mtu. Najua tu kwamba sahihi zote mbili zilitoka nyumba moja.

Wakubwa wakapandwa na hasira. Likabandikwa tangazo: kuanzia sasa haajiriwi ndugu wa mfanyakazi yeyote, na wafanyakazi wakioana mmoja aondoke. Hapo ndipo nilipogoma, angalau moyoni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa hali yake ya ndoa. Na huyo "mmoja" kila mtu alishamjua ni nani. Kuna wenzetu wawili walikuwa wamefunga ndoa karibuni, na aliyeambiwa aanze kutafuta kazi kwingine alikuwa bibi harusi, mwenye cheti kikubwa kuliko cha mumewe.

Nikiri na langu. Mimi mwenyewe niliingia kwa undugunaizesheni. Mjomba alinishika mkono mpaka kwa meneja wa wakati ule akasema, "Huyu akiiba, nikate mimi." Basi miaka yote aliyokuwepo mjomba sikuthubutu kuondoka hata na kipande cha kamba cha kufungia kuku. Babu yangu naye alikuja huku kutoka Kasulu kama manamba, kwa mkataba, jina lake ni namba. Shambani hakuna aliyemuuliza ndugu. Mkataba wa pili alirudi na wadogo zake wawili, na mnyapara akafurahi, maana mkorofi mmoja alikuwa na kaka wa kumkemea. Kwa hiyo mtu akiniambia undugu kazini ni uozo mtupu, namsikiliza tu.

Chama cha wafanyakazi kikaingia kati, vikao vikawa virefu (chai ilikuwa nzuri, nisiseme uongo). Tangazo likabanduliwa. Sasa ndugu anaajiriwa, ila hakai chini ya ndugu yake, hahesabu mzigo ambao ndugu yake anausaini, na ukiwa kwenye kamati ya usaili ndugu yako akiitwa, unatoka nje. Wale wa robota wametenganishwa, mpwa kahamishiwa karakana. Bibi harusi yupo.

Mwezi uliopita niliijaribu kanuni hiyo mwilini mwangu. Kijana wa dada yangu aliomba kazi ya karakana. Dada akanipigia: "Kaka'angu, wewe umekaa, mwanao asimame?" Nikajaza fomu, siku ya usaili nikatoka, nikakaa chini ya mwarobaini kama mtu anayesubiri mzazi wodini. Akapata. Sikumsaidia hata kwa kope. Nikamwita pembeni nikamwonya: "Ukivuka lile geti, mimi si mjomba wako. Unasikia?"

Alisikia vizuri sana. Jumapili nilikwenda kwa dada Makorora, nikamkuta kijana barazani anatengeneza baiskeli. Akasimama, akapangusa mikono kwa tambara.

"Shikamoo bosi."

Dada alikuwa anatoka jikoni na sahani ya samaki. Akasimama mlangoni, akanitazama mimi, si yeye.