Gambuti na Yai

Jana usiku mwanangu aliinua macho kwenye daftari lake la P.5, darasa la tano, akaniuliza: "Mama, ni kweli Kony alikuwa anachukua watoto kama mimi?" Nikamjibu ni kweli, amalize hesabu alale. Yeye alilala. Mimi nilikesha nikiwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 2003, waasi wa Kony walipokuwa wakiteka watoto na kuwapeleka msituni.

Baba alikuwa mwanajeshi wa Divisheni ya Nne. Sisi watoto wa kambi ya jeshi tulisema Kiswahili, Kiacholi tukikiokota sokoni. Tangu jeshi livuke mpaka kuingia Sudan kuwasaka waasi mwaka 2002, watoto waliotoroka au kuokolewa msituni waliletwa kwa wingi. Walipita kambini kwanza, kisha wakagawanywa kwenye vituo vya mjini. World Vision walikuwa na chao; kingine kilikuwa cha GUSCO, shirika lililoanzishwa na watu wa Gulu wenyewe mwaka 1994. Huko walilishwa, walitibiwa, walisikilizwa, walifundishwa cherehani na useremala huku ndugu zao wakitafutwa. Mama alikuwa akienda kusaidia jikoni, nami likizo nikimfuata.

Siku moja aliletwa msichana wa rika langu, mtoto mgongoni. Mlangoni walikuwa wamemwekea yai chini, pamoja na kijiti cha opobo, ule mti wenye utelezi kama sabuni, na layibi, fimbo ya kufungulia ghala la nafaka. Waacholi humpokea na kumsafisha hivyo aliyekaa mbali: hukanyaga yai ndipo aingie nyumbani. Lakini hukanyagwa kwa mguu mtupu, na yeye alivaa gambuti, buti ndefu za mpira.

Hakutaka kuzivua. Walimbembeleza, akatikisa kichwa, akazikumbatia zile gambuti kama mtu anayelinda mali. Baadaye nilielewa kwamba msituni mwenye gambuti alitembea, na asiye nazo alichanika nyayo mpaka akabaki nyuma, na aliyebaki nyuma aliuawa. Wakati ule niliona ukaidi tu. Jua lilikuwa kali, mtoto akaanza kulia. Ndipo bibi mmoja, mpishi mwenzake Mama, akapiga magoti vumbini, akamshika kisigino, akaivuta ya kwanza polepole huku akimsemesha kwa Kiacholi, maneno ambayo sikuyapata yote. Mguu ulitoka mweupe, ngozi imekunjamana kwa unyevu, kucha mbili hazipo. Akavuta ya pili. Msichana akalitazama yai muda mrefu. Halafu akakanyaga kwa nguvu, ute ukapenya katikati ya vidole, na wanawake wakapiga vigelegele.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Alijifunza kushona. Alipata cheti chini ya Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000. Wenye cheti walipewa godoro, sufuria, jembe na shilingi 263,000. Akaenda kwa mjomba wake katika kambi ya wakimbizi wa ndani, ambako, tulisikia, watoto wa jirani walikatazwa kucheza na mwanawe.

Nilimuuliza Mama: huyu alibebwa usiku kutoka kwao akilia, kwa nini asafishwe yeye? Mama akasema, "Yai si lake, mwanangu. Ni letu sisi, tusimkatae." Mimi huona kwamba kama lilikuwa letu, basi sisi ndio tulipaswa kulikanyaga, na majirani wa yule mjomba wakiwa wa kwanza. Mama hakubali. Mpaka leo nikienda Bombo kumwona, tunabishana.