Kugawa Nyasi za Mapambo Zilizozeeka

Nyasi za mapambo zinazopandwa kati ya mawe makubwa ya matale hapa Mwanza hupendeza kwa miaka kadhaa, kisha kichaka huanza kufa katikati na kubakiza duara la majani mabichi linalozunguka mashina makavu ya kijivu. Huo si ugonjwa, kwani machipukizi mapya huota pembeni huku sehemu ya kati ikizeeka na kusongwa na mizizi yake yenyewe.

Mimi hugawa vichaka mvua za vuli zinapoanza, kwa sababu udongo wa kichanga hukauka upesi na miche iliyogawanywa wakati wa kiangazi hutaka maji kila mara. Majani hukatwa yakabaki kama sentimita 15, kisha kichaka huchimbuliwa na kupasuliwa kwa panga kali, maana panga butu huponda mizizi badala ya kuikata. Vipande vya pembeni, vyenye mizizi myeupe, hupandwa siku hiyo hiyo katika kina kilekile cha awali. Sehemu ya kati huenda kwenye mboji. Nawasihi wenzangu wavae glavu, kwa kuwa kingo za majani hayo hukata ngozi.