Majani elfu au karatasi elfu?

Jumamosi nilijaribu kuoka mille-feuille, keki ya Kifaransa ya matabaka ya unga na krimu, jikoni kwangu, na tulipokuwa tukisubiri donge la unga lipoe kwenye friji, mwanangu akaniuliza jina hilo gumu lina maana gani. Nikamjibu upesi kwamba ni "majani elfu", kisha jibu langu mwenyewe likanikera jioni nzima.

Mille ni elfu, hapo hapana ubishi. Ugumu uko kwenye feuille, kwa sababu Mfaransa hulitumia neno hilo hilo kwa jani la mti na kwa karatasi, na kitenzi chake, feuilleter, humaanisha kufunua kurasa za kitabu na vilevile kukunja unga wenye siagi hadi utoe matabaka. Sisi hatuna budi kuchagua kati ya jani na karatasi. Hata hivyo tunalo neno waraka, tulilolipokea kutoka Kiarabu, ambako waraqa ni jani na ni karatasi pia; tulipolichukua, tulibaki na karatasi, jani tukaliacha hukohuko. Nilitamani kuiita keki yangu "nyaraka elfu", ila najua mgeni angedhani namwandalia mafaili ya ofisini.

Hiyo elfu nayo nikaikalia na kalamu. Kwa desturi, unga uliofungiwa siagi husukumwa, ukakunjwa sehemu tatu, na kazi hiyo hurudiwa mara sita, kwa hiyo tabaka moja la siagi huwa 3, kisha 9, 27, 81, 243, na mwisho 729. Haifiki elfu. Lakini keki yenyewe hupangwa kwa vipande vitatu vya unga huo vilivyotenganishwa na krimu, na jumla yake ni 2,187, yaani jina limepunja zaidi ya nusu. Sidhani kama aliyelitunga alihesabu: Wafaransa humwita jongoo mille-pattes, "miguu elfu", kama nasi tunavyosema tumemwonya mtoto mara mia.

Keki yangu haikufika hata hiyo 729. Katika mkunjo wa nne siagi ililainika kwa joto la Dar es Salaam, ikatoboa unga na kuninata vidoleni, na matabaka yakashikana. Kilichotoka kwenye oveni kilikuwa kitamu, kigumu pembeni, na mwanangu alikaa akikibandua kwa ukucha huku akihesabu kwa sauti. Aliishia kumi na moja.