Siku tuliyotoboa tuta

Miche ilikuwa tayari, na hicho ndicho kilichofanya ubishi uwe mkali. Mama msimamizi wa kitalu alikuwa ameilea mikoko ile tangu mbegu, mfuko kwa mfuko, na sasa ilikuwa imechangamka, inasubiri tu kutolewa. Katikati ya maandalizi akatokea binti wa vipimo, mdogo kuliko wengi wetu kikundini. Akaamkia wakubwa, akatazama bwawa, kisha akasema tusipande hata mmoja.

Eneo lenyewe lilikuwa bwawa la chumvi lililotelekezwa. Zamani palikuwa na mikoko. Ikakatwa, likazungushwa tuta la udongo ili maji ya bahari yaingie kwa kipimo, yakauke, chumvi ibaki. Biashara ilipokufa wenye bwawa waliondoka, tuta wakaliacha. Ndani pakabaki uwanda mweupe, mgumu kama sakafu wakati wa jua, na wakati wa mvua dimbwi lisilo na pa kutokea. Kabla sijajiunga, kikundi kilishapanda mikoko humo, ikafa. Wakapanda tena, ikafa tena. Walilaumiwa kaa, wakalaumiwa mbuzi, likalaumiwa hata jua.

Binti hakubishana na mtu. Alitoa mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ule ule wanaotumia waashi kusawazishia msingi, akaujaza maji, akatoa mapovu, akanipa ncha moja. Nikaenda kusimama nje ya tuta, kwenye shina la mchu uliokomaa, mti mwingine wa jamii ya mikoko. Yeye akaingia bwawani na ncha ya pili. Ardhi ya ndani ilikuwa chini ya ile ya nje kwa zaidi ya shubiri. Katibu akasema mpira una hewa. Tukarudia sehemu nyingine, jibu likawa lile lile.

"Nje, kila maji yakijaa yanaleta tope," alisema. "Mizizi inalikamata, na yenyewe ikikua inainua ardhi kutoka chini. Huku ndani mmefunga mlango. Tope haliingii, udongo umekauka, hewa imepenya, mabaki ya mizizi ya zamani yameoza, ardhi imedidimia. Mkipanda hapa mnapanda kwenye bakuli."

Alieleza kwamba mikoko hustahimili chumvi lakini haistahimili kuzamishwa muda wote, kwa sababu mizizi hupumua maji yakipwa. Alimtaja Robin Lewis, mwanabiolojia wa Florida, Marekani, aliyepigia debe kanuni rahisi: pima kwanza mahali mikoko ya jirani inapoota yenyewe, kagua mkondo wa maji, rekebisha ardhi, halafu ndipo ujiulize kama kupanda kunahitajika. Kwa makadirio ya Lewis, mahali panapofaa hufunikwa na maji kama asilimia 30 ya muda, na muda uliobaki pako wazi. Bwawa letu wakati wa mvua lilikuwa limefunikwa usiku na mchana.

Akatupa na takwimu za IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi: kati ya 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20, na kuanzia 2006 hadi 2018 ulikuwa ukipanda milimita 3.7 kila mwaka. Kuna waliocheka, milimita tatu! Lakini hesabu yake ilinikaa. Msitu unaopata tope la kutosha unaweza kupanda pamoja na bahari kwa mwendo huo. Bakuli haliwezi. Kila mwaka linaachwa nyuma.

"Sasa mimi miche yangu niipeleke wapi?" mama wa kitalu aliuliza. Lilikuwa swali la haki, na nilimwonea huruma. Mwishowe ilipelekwa kwa kikundi cha upande wa pili wa hori, waliokuwa na ukingo wenye tope laini unaoufaa mkoko. Yeye mwenyewe alikwenda kuhakikisha inashushwa vizuri.

Mgogoro mkubwa haukuwa wa miche. Binti alitaka tutoboe tuta la upande wa bahari, sawa, lakini alitaka pia lile la upande wa nchi kavu lishushwe. Bahari ikipanda haraka kuliko msitu unavyojenga ardhi, mikoko hubakiwa na njia moja, kurudi nyuma. Ikikuta tuta au ukuta, inabanwa katikati hadi iishe. (Baadaye nilisoma kwamba watafiti, katika jarida la Science la mwaka 2020, walipekua mashapo ya miaka 10,000 wakaona kuwa bahari ikipita kama milimita 6 kwa mwaka, mikoko haielekei kumudu. Siku ile sikuwa na tarakimu hiyo, ningeitumia.)

Nyuma ya tuta hilo kulikuwa na shamba la mzee mmoja. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na maji yakifika kwangu?"

Binti hakumficha. Alisema yatafika, leo au baadaye, tuta liwepo au lisiwepo. Akamsimulia Medmerry, kusini mwa Uingereza, ambako mwaka 2013 walitoboa kingo za pwani kwa makusudi, bahari ikaingia, pakageuka ardhioevu. Ila kwanza walijenga kingo mpya za kilomita 7 hivi, ndani zaidi, kulinda watu.

"Walijengewa kwanza," mzee akasema. "Mimi mtanijengea?"

Hakuna aliyejibu. Tulikuwa na majembe, sururu na makarai ya kuazima. Tukakubaliana tuta lake lisiguswe.

Tulichimba siku ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, maji yakiwa yamepwa kabisa. Mahali pa kutoboa hatukupachagua kwa urahisi wa kuchimba. Mvuvi mmoja mkongwe alikumbuka mkondo wa zamani ulikopita, na kweli, chini ya ule ugumu wa juu tulikuta udongo mweusi, laini, wenye harufu ya mayai yaliyooza. Tulianzia ndani kwenda nje, tukiacha kizibo upande wa bahari hadi mwisho. Udongo uliotoka hatukuurundika kando. Tuliutandaza kwenye mabonde ya bwawa, kazi iliyowaudhi vijana kuliko kuchimba kwenyewe, kwa sababu hakuna anayeiona.

Kizibo kilivunjwa maji yalipokuwa yameshaanza kurudi. Yaliingia taratibu, rangi ya chai, yakisukuma povu na majani makavu, kisha kwa kasi, kingo za mfereji zikamegeka zenyewe na kuupanua. Watu walipiga vigelegele. Kuna aliyeona visamaki akaanza kuwafukuza kama mtoto. Binti alikaa juu ya tuta, kimya, akitazama kijiti alichokichora mistari. Nilimuuliza kwa nini hafurahi.

"Kuingia si kazi," alisema. "Nangoja yatoke."

Wengi walishakwenda nyumbani maji yalipoanza kupwa. Tulibaki wachache, tukiwa tumetapakaa tope mpaka nyusi, tukitazama bwawa likijimwaga kupitia mfereji wetu. Yalitoka yote isipokuwa pembe moja, palipobaki dimbwi. Kesho yake tulichimba kijifereji kutoka pale hadi kwenye mkondo, nalo likaisha.

Miche ya kwanza kuonekana haikuwa mikoko ya aina tuliyoilea kitaluni. Ilikuwa michu, mbegu zake zinaelea, bamvua ikazileta na kuzimwaga popote. Baadaye sehemu za juu ikaingia mikandaa, aina nyingine tena ya mikoko. Fomu ya mfadhili ilikuwa na kisanduku cha idadi ya miche iliyopandwa, na hakikuwepo cha maji. Katibu alihangaika nacho jioni nzima, mpaka mama wa kitalu akamwambia aandike sifuri amalize. Wakajibu wakiomba picha za wanachama wakipanda. Tukawatumia ya mfereji.

Mikandaa sasa imefika mguuni mwa tuta la mzee na kusimama hapo. Nilipomtembelea mara ya mwisho alinizungusha shambani akanionyesha mabaka meupe upande wake wa tuta, chumvi iliyopenya kwa chini. Akasema msimamo wake ni ule ule, tuta haliguswi. Ila akaniuliza yule binti anapatikana wapi siku hizi, na kama ule mpira wake bado anao, aje ampimie.