Siku moja maishani mwangu: siku bendi ya metal ilipiga bila kelele

Saa 10 na nusu alfajiri

Friji ndo inaniamsha. Si simu, si jogoo, ni friji ya mama ikianza kunguruma kwa korido najua umeme umerudi, na umeme wa hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, ukirudi saa hizi unaweza kukaa masaa matatu ama dakika kumi, haukuambii kitu. Basi naamka macho bado yamefungwa nachomeka kila kitu chenye kina waya: simu, taa, kompyuta, na batri mbili za gari zenye tunatumia kwa inverta wakati wa mazoezi. (Kwetu huku batri ni ile ya gari na batri ni zile ngoma zenye mtu anapiga kwa mikono na miguu, jina moja, na ndani ya bendi yetu zote mbili zinatutesa sawasawa.)

Alafu naweka ekuteri masikioni na nashika gitaa. Tuko wanne: mi gitaa ya ridimu na sauti, solisti (yule wa gitaa la mbele), dada mmoja wa besi, na mpiga batri. Hakuna lebo, hakuna meneja, vitu vyote vinatoka mifukoni mwetu. Ukiniuliza tunapiga nini nitakujibu hivi: mkono wa kulia ni thrash (metal ya kasi), sauti na nyuzi zenye tumeshusha chini ni death (metal ya kunguruma), ila wakati wa kiitikio tunarudi kwa hard rock ya wazee, ile yenye kichwa kinatikisika polepole, juu mtu hawezi kukimbizwa dakika nne nzima bila kupewa mahali pa kupumua. Tuko na nyimbo tano za kutoa, na Jumamosi tutarekodi batri ndani ya sale (ukumbi) moja yenye tumekodi kwa siku moja tu. Siku moja. Ikipita imepita.

Narekodi vipande viwili vya gitaa, cha tatu kinakatika katikati. Friji imenyamaza.

Saa 1 asubuhi

Chai na mikate. Mama ananiangalia sana, mwisho anauliza, "We mwana, unagonjwa? Usiku ulikuwa unanguruma mu chumba sawa nguruwe."

Nilikuwa nafanya mazoezi ya sauti, mdomo ndani ya mto. Hii kitu watu hawaielewi, wanadhani kuimba death ni kupayuka. Ukipayuka siku mbili koo imekwisha, wiki nzima unaongea kama bata. Sauti ile haitoki kwa nyuzi za kawaida za koo, inatoka kwa zile za uongo zenye ziko juu yake kidogo, unazikaza, unasukuma hewa kutoka tumboni, na kwa kweli sauti yenyewe si kubwa hata, maikrofoni ndo inaifanya jitu. Nimejaribu kumweleza mama. Amenipa tangawizi.

Saa 2 na nusu

Kazini, Kamalondo. Mi ni fundi wa ampli (vikuza sauti) na bafle (spika), na wateja wangu karibu wote ni makanisa. Jumatatu na Jumanne ndo siku zangu za mavuno juu Jumapili wanakwaya wameunguza kila kitu. Leo Alhamisi bado kuna bafle tatu zinaningoja mlangoni, moja wameileta iko na maji, sijui maji yaliingia vipi na sikuuliza. Unaifungua, unagusa ile karatasi ya katikati na vidole viwili, unaisukuma polepole chini: ikishuka laini bila kukwaruza koili ni nzima, ikikwaruza kama mchanga basi imepinda ama imeungua. Mbili zinakwaruza. Kufunga koili upya ni kazi ya nusu siku na macho, waya mwembamba sawa unywele, mzunguko juu ya mzunguko, ukikosea mmoja unaanza upya.

Katikati ya kazi za watu naingiza ya kwangu, bosi anajua, anajifanya haoni. Pedali yetu, kile kiboksi cha mguuni chenye kinakwaruzisha sauti ya gitaa, inakatika. Hii pedali nitaieleza kidogo juu naipenda kuliko ndugu zangu wengine. Kulikuwa na pedali ya kampuni ya Boss inaitwa HM-2, ilitengenezwa toka 1983 mpaka 1991, wakati ule watu wengi waliiona takataka. Alafu vijana wa Stockholm, Uswidi, bendi ya Entombed na wenzao, wakaichukua wakazungusha vishikio vyote vinne mpaka mwisho, kitu chenye hakuna fundi angekushauri, na ikatoka ile sauti ya msumeno inakata mti na mti unalia. Mi ya Boss sijawahi kuishika. Yangu nimeisuda (kuunganisha kwa risasi ya moto) mwenyewe kwa mchoro, vipande vingine nimetoa kwa redio zilizokufa, na boksi lake ni kopo la maziwa ya unga. Kopo zuri kabisa, chuma, linazuia makelele ya radio kuingia.

Sasa inakatika. Naiwasha, napiga noti moja, nagonga kopo na mshikio wa bisibisi: kah, inakatika. Nagonga tena, inarudi. Hiyo ni sudi, ile risasi ya kuunganisha, imekauka mahali, karibu kila mara ni hiyo. Nachukua lupu (kioo cha kukuza) napita kiungo kimoja kimoja mpaka nakiona, kwa mguu wa potensiometa, ile ya chini ya kishikio, kuna duara nyembamba nyeusi kuzunguka waya, kama jino linataka kutoka. Joto kidogo, risasi kidogo, moshi kidogo. Nagonga. Inakaa.

Saa 6 mchana

Bukari (ugali) na lengalenga (mchicha) kwa mama wa pale kona. Naangalia simu: mtu mmoja wa Botswana amenunua wimbo wetu wa kwanza kwa Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, dola moja. Bandcamp inakata 15 kwa mia, wenye kupitisha malipo nao wanakata yao, na senti zenye zinabaki zinapitia kwa binamu yangu Ubelgiji, na yeye tunamwachia azikusanye mpaka zifike kitu chenye mtu anaweza kutuma. Lakini ameandika ujumbe, anasema anapenda kwamba tunaimba Kiswahili hata kama hasikii neno. Nimeusoma mara nne. Botswana metal si kitu cha kujificha, wako na watu wenye wanavaa ngozi na vyuma toka zamani, kwa hiyo mtu wa kule akikwambia sawa ni sawa.

Saa 9 na nusu alasiri

Ndani ya taksi-basi, gitaa katikati ya miguu, batri ya gari kwa mapaja inanichoma na asidi (suruali ya tatu mwaka huu). Konda anadai nalipia nafasi mbili. Mama wa pembeni anauliza, "Petit, iyo ni gitare? Munaimbaka mu kanisa gani?" Mi nasema hatuimbi kanisani. "Basi rumba." Hapana mama, rumba pia hapana. Ananiangalia kwa huruma, sawa vile nimesema sina wazazi.

Papa yake solisti wetu peke yake ndo hajawahi kutuuliza swali hili, juu yeye alikulia karibu na mpaka, na miaka ya 1970 ng'ambo ya Kasumbalesa, kule Kitwe na miji mingine ya Zambia, vijana walikuwa wanapiga rock nzito kweli, gitaa la fuzi na kila kitu, bendi kama WITCH na Ngozi Family. Kwa mzee yule gitaa la kukwaruza ni muziki wa ujana wake. Sisi ndo tumechelewa.

Saa 10 na nusu jioni

Nafika Kenya (si ile nchi, ni mtaa wa hapa Lubumbashi), kwa parsele (uwanja) ya mjomba wa mpiga batri ambapo tunafanyia mazoezi, na kabla sijashuka vizuri nimeshaelewa. Bashi (turubai) ya bluu imefungwa kukata avenyu nzima, viti vya plastiki, wamama wamekaa chini kwa mikeka. Kilio, yaani msiba. Mlango wa pili toka kwetu. Mzee mwenye alikuwa anauza mkaa pale, tulikuwa tunamsalimia kila siku.

Basi hakuna la kujadili. Huwezi kupiga death metal mlango wa pili toka kilio, hata kama Jumamosi ni kesho kutwa. Tunaenda kwanza kutoa pole, tunaweka kitu chetu kwa sahani, tunakaa dakika kumi na tano vichwa chini, alafu tunarudi ndani tunaangaliana. Mpiga batri anasema turudi nyumbani. Dada wa besi, na yeye ndo mwenye akili ndani ya hii bendi nasema wazi, anasema, "Tutapika kavu." Kupika ni kupiga, na kavu ni kusema bila ampli, bila kitu.

Tunafunga dirisha. Mpiga batri anageuza godoro la mjomba anakaa mbele yake na vijiti, miguu inapiga sakafu na soksi. Sisi watatu tunavuta viti mpaka magoti yanagusana, juu gitaa la umeme bila umeme linasikika kama mtu anakuna sufuria, usipokaribia husikii kitu. Metronomu ya simu katikati, mapigo 190 kwa dakika. Tunaanza wimbo wa pili, ule mgumu, wenye riff yake, kile kipande cha gitaa chenye kinajirudia, yote inapigwa kwa kushuka tu, mkono haurudi juu na noti. Hesabu yake ni noti mbili kila pigo, yaani 380 kwa dakika, na zote ni za kushuka. Tumeupiga miaka miwili, tunauweza, hata usingizini.

Dakika moja haijaisha mlango unafunguka. Mzee mmoja wa kule kwa kilio, kofia mkononi, alikuwa anatafuta choo. Anasimama. Tunasimama pia, tukijua tumekosea. Yeye anasema, "Hapana, mupike." Tunapiga. Anasikiliza kichwa upande, alafu ananyoosha kidole kwangu, alafu kwa solisti.

"Wee na uyu hamuko pamoya. Iyi mukono inashuka, ile inapanda."

Akaenda zake chooni.

Solisti akaapa kwamba anashusha. Dada wa besi akasema piga peke yako, polepole. Tukateremsha metronomu mpaka 120 na hapo ikaonekana wazi kabisa sawa mchana: kila noti ya nne alikuwa anaiba, mkono unapanda na noti, na noti ya kupanda ni nyepesi, haina tumbo. Miaka miwili! Na mi sikuwa msafi pia, mi nilikuwa nachelewa kufunga nyuzi na kiganja, noti inabaki inalia kidogo baada ya kufa. Hatukuwahi kusikia, juu ile pedali yangu kipenzi kazi yake ndo hiyo, diodi zinakata vichwa vya mawimbi, kubwa na dogo yote yanatoka kimo kimoja, ukipiga kwa nguvu ama kivivu inanguruma sawasawa. Nimeijenga mwenyewe kwa mikono yangu na ilikuwa inanidanganya.

Na jambo lenye linaniuma zaidi ni kwamba huu mji ndo mji wa gitaa kavu. Mwenda wa Bayeke, yule mpiga gitaa mwenye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alimrekodi 1952 kule Jadotville, leo tunaita Likasi, alikuwa na vidole viwili na gitaa la mbao basi, na ukisikiliza unaapa kuna watu wawili ndani ya chumba. Wazee wa Katanga wamekulia kwa sikio lile. Utamdanganya na nini?

Tumepiga riff moja ile ile, 120, 130, 140, saa nzima na nusu, hakuna aliyeimba. Kiganja changu kimetoka ngozi pale pembeni. Tulifika 175 safi. Mia tisini bado.

Saa 1 na nusu usiku

Mtaa wote giza, delestaji, umeme umekatwa. Kwa kilio peke yake kuna taa, wamekodi grupu (jenereta). Kijana anabisha hodi, jasho linamtoka.

"Ba yaya, pole kusumbua. Bafle yetu imekufa, na bamama ba kwaya banafika sasa hivi. Muko na kamoya ka kutusaidia?"

Tuko na moja. Moja tu, ampli yangu, ile yenye Jumamosi inatakiwa kurekodi. Tunaangaliana sekunde mbili alafu tunaibeba, mi na solisti, tunaiweka chini ya bashi, naunga maikrofoni yao nageuza kisigino narudi kufunga gitaa langu.

Wimbo wa kwanza unaanza na nywele zangu zinasimama. Mama mwenye anaongoza, sauti nzuri ya juu ya huzuni, inatoka pale inanguruma sawa shetani anasoma tangazo. Nimesahau kushusha geini, kile kishikio cha mngurumo. Nimekimbia. Nimekimbia mbele ya familia nzima ya marehemu nimeinama nyuma ya ampli nimerudisha kile kishikio toka 9 mpaka 1, na mama yule hakuacha kuimba hata kidogo, aliniangalia tu. Mpiga batri wetu, na yeye Jumapili ni mpiga batri wa kanisa, alikuwa amejificha nyuma ya ukuta anacheka machozi yanatoka. Yule mzee wa kofia pia, nimemwona, mabega yalikuwa yanatikisika.

Saa 4 na nusu usiku

Nimerudi kwa miguu, batri begani, gitaa mgongoni. Mama ameniachia bukari imefunikwa, imekuwa ngumu, nimekula hivyo hivyo. Umeme hakuna. Nimekaa kwa kitanda gizani na gitaa kavu, kushuka, kushuka, kushuka, polepole, mpaka mama akagonga ukuta.

Ampli watamaliza nayo kesho asubuhi baada ya maziko. Nimewaambia nitakuja kuichukua mwenyewe, na wasiweke vikombe vya chai juu yake.