Siku moja na kibuyu, mwanzi na gundi ya ngozi

Saa 12 asubuhi. Kabla sijanawa uso nimeshafunua kikopo cha gundi, maana leo naunda ukulele, kigitaa cha nyuzi nne, kwa kibuyu. Punje za gundi ya ngozi nilizoloweka jana usiku zimekunywa maji yote, zimevimba na zinatetemeka kama ute wa yai. Kikopo nakiweka ndani ya sufuria ya maji ya moto yasiyochemka, maana gundi hii ikipita sana nyuzi joto 60 hupoteza nguvu. Gundi za chupa hazina usumbufu huo, najua. Naing'ang'ania hii kwa sababu inafunguka. Ukikosea, ipe joto na unyevu, kiungo kinaachia bila mbao kuchanika. Na mimi hukosea.

Saa 2. Kibuyu. Kimekaa darini miezi mingi. Ukikitikisa mbegu zinacheza ndani, ukikigonga kinaitika. Nataka kukikata ubavuni kipate mdomo mpana wa kubeba ubao wa sauti, lakini kibuyu hakina mahali palipo sawa pa kuanzia kupima. Nakilaza juu ya kitambaa nilichoviringisha kama kata, nafunga penseli juu ya kigogo kifupi, kisha nakiburuta kigogo hicho mezani kukizunguka kibuyu. Mstari unatoka sawa kuliko ambavyo jicho langu lingeweza. Barakoa kwanza, ndipo msumeno: vumbi la ndani, pamoja na ukungu wake, linakaba kifua. (Mara ya kwanza nilijifanya shujaa. Nilikohoa siku tatu.) Nyama iliyokauka naikwangua kwa kijiko kilichonolewa ukingo.

Kusawazisha mdomo ndiko kunakokula muda. Msasa nimeubandika kwenye ubao bapa. Nakifudikiza kibuyu na kukisugua kwa mizunguko, nakiinua, nakipima mezani dhidi ya mwanga wa dirishani. Mwanga ukipenya popote, narudi msasani. Leo umepenya mara sita.

Saa 4. Ubao wa sauti unatoka kwenye sakafu ya droo iliyovunjika. Ni mbao halisi, si plaiwudi. Naupiga randa hadi unene wa milimita 2 hivi, na kila baada ya muda naushika ukingoni kwa vidole viwili na kuugonga katikati. Mwanzoni unajibu "ko", kikavu. Ukizidi kupungua, sauti inashuka na kuanza kuvuma. Hapo naweka randa chini, hata kama mkono bado una hamu. Niliwahi kuendelea kidogo tu, na wiki mbili baada ya kufunga nyuzi ubao ukabonyea chini ya daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya ubao. Upande wa ndani nabandika fito mbili za mwanzi zikiukatiza.

Saa 6. Freti, yaani vile vipingo vya kwenye shingo. Kibuyu nimepata bure, droo bure, na freti zenyewe ni vijiti vya mwanzi vya kuchomea nyama nilivyovipiga tupa upande mmoja vikae. Nyuzi za nailoni haziutafuni mwanzi kama waya unavyofanya. Lakini kwenye kipimo ubahili wangu unakoma. Urefu wa uzi, kutoka kizingiti cha juu (kipande kinachobeba nyuzi shingo inapokutana na kichwa) hadi daraja, ni milimita 380. Gawa kwa 17.817, namba ya kupangia freti, upate nafasi ya freti ya kwanza: 21.3. Zinazobaki 358.7, gawa tena: 20.1. Endelea hivyo hivyo. Alama zote nazipima kutoka kizingitini, si kutoka freti hadi freti, kwa sababu makosa madogo hurithishana. Ya kumi na mbili lazima iangukie 190, nusu kamili.

Chakula. Nimekula nimesimama.

Saa 8 naunganisha. Kijiti cha shingo kinapita ndani ya kibuyu kutoka kifuani hadi mkiani, ili mvuto wa nyuzi ubebwe na mti, si na gamba la kibuyu. Gundi, ubao juu, kisha nazungushia vipande vya tyubu ya baiskeli badala ya jiliwa. Hadi kesho hakiguswi.

Saa 9. Sasa ukulele ya wiki iliyopita. Nafunga nailoni ya kuvulia samaki, nyuzi za noti G, C, E, A. Nene ni C, na sauti ya G iko juu, karibu na A, basi koili moja yenye unene mmoja haitoshi. Nagusa uzi juu ya freti ya kumi na mbili bila kuukandamiza, unalia kama kengele ndogo. Naukandamiza palepale: sauti imepanda, na ilipaswa kulingana. Napima tena. Daraja nimelibandika milimita 5 karibu mno na shingo. Nilianzia kupima ukingo wa kizingiti ulio upande wa kichwa badala ya ule wa upande wa freti, mimi mwenye kuhubiri kipimo!

Nyuzi zinatoka. Kitambaa cha moto, kisu chembamba, subira ya dakika ishirini, na daraja linaachia likiwa zima.

Saa 11 anaingia mpwa wangu, mwenye chombo. Nilishamweleza kwamba ukulele kwa Kihawaii ni kiroboto anayeruka, na kwamba mwaka 1879 mafundi samani watatu kutoka Madeira walishuka Honolulu kwa meli ya Ravenscrag wakafanye kazi ya miwa, kisha wakarudia ufundi wao na kuunda vigitaa hivi.

"Shikamoo mjomba. Kiroboto ameruka?"

"Marahaba. Ameteguka mguu."

Anakichukua kibuyu chake kisicho na nyuzi, anakikumbatia, anakipiga ngoma kwa vidole mpaka giza linaingia. Mimi nimeshika rula, napima milimita 380 kwa mara ya nne, kisha naongeza 2, kwa kuwa uzi unapokandamizwa hukazika na sauti ikapanda kidogo.