Kabla ya kujumlisha "ndiyo" za hojaji: skeli ya Mokken

Hojaji nyingi za hali ya chakula zinazopita vijijini Mtwara huishia kwenye jumla: kaya ina "ndiyo" tano, basi ina shida kuliko yenye mbili. Jumla hiyo ni ya kubahatisha mpaka ithibitike kwamba maswali yote yanapanda ngazi moja. Skeli ya Mholanzi Robert Mokken (1971) hukagua hilo bila kulazimisha majibu yafuate fomula maalumu. Inachodai ni kwamba shida ikizidi, uwezekano wa kujibu "ndiyo" usishuke.

Chukua mfano wa kubuni wa kaya 200: 120 zilipunguza chakula, 30 zilishinda kutwa bila kula. Kaya iliyoshinda bila kula lakini ikadai haikupunguza huhesabiwa kosa. Maswali yasingehusiana, makosa yangetarajiwa kuwa 30 × 80 (kaya ambazo hazikupunguza) ÷ 200, yaani 12. Yakipatikana 3, H (kipimo cha jinsi maswali yanavyofuata ngazi moja) ya jozi hiyo ya maswali ni 1 − 3/12 = 0.75. Kwa skeli nzima, H chini ya 0.3 usijumlishe, kuanzia 0.3 ni dhaifu, 0.4 wastani, 0.5 imara. Kifurushi cha mokken kwenye R, programu ya takwimu, hutoa H pamoja na kosa sanifu lake (kiasi ambacho makadirio yanaweza kuyumba) kwa amri ya coefH. H ya 0.33 yenye kosa sanifu la 0.05 isikufurahishe: H halisi inaweza kuwa chini ya 0.3.

H ya jozi ikiwa hasi, angalia kwanza kama kuna swali lililoulizwa kinyume na halikugeuzwa. Mimi huogopa zaidi H nzuri mno. Fomu ya kwenye kishikwambi ikiruka maswali mazito kwa aliyejibu "hapana" kwenye jepesi, kisha mchambuzi akajaza sifuri, kosa haliwezi kutokea kabisa: hiyo H imepikwa. Na "ulikosa pesa ya salfa (dawa ya mikorosho)?" kwa kaya isiyo na mikorosho si "hapana", swali haliwahusu.

Halafu kuna mpangilio wa maswali, ambao wengi huuruka. Kula ugali bila samaki kunaweza kuwa dalili nzito kwa kaya ya Mikindani, ufukweni, na jambo la kawaida kwa kaya ya Newala, juu uwandani. Panga asilimia za "ndiyo" kwa kila eneo peke yake, kisha endesha check.iio, amri ya mokken inayokagua kama mpangilio wa maswali ni uleule kwa wote. Mpangilio wa maeneo ukipishana, H ya kila eneo inaweza bado kuwa safi, ila jumla ya Mikindani usiilinganishe na ya Newala mpaka swali la samaki litolewe na hesabu irudiwe.